Msaada: theluji ya Misawa inayeyuka, nivue tairi sasa? Na haya machipukizi ya jirani?

MamaNeema
Habari za huko mliko. Naomba ushauri wa waliokaa kaskazini mwa Japani, maana wa Okinawa, kusini kabisa, wananieleza ya kwao na hayaoani kabisa na ninayoyaona dirishani.

Tuko Misawa, mkoa wa Aomori, nyumba ya kupanga nje ya kambi, pande tatu mashamba ya mpunga. Mume yuko jeshi la anga la Marekani, tumehamishwa Januari kutoka San Antonio, Texas. Leo tarehe 27 Machi theluji imebaki vichuguu tu kando ya barabara, mchana nyuzi 9.

Maswali: gari tulinunua likiwa na tairi za theluji, nizitoe? Mtoto wa miaka 6 anapiga chafya tangu juzi, macho mekundu. Dada yangu Texas anataka kumtumia dawa ya mafua tuliyozoea. Bibi jirani ameleta mfuko wa machipukizi ya kijani yaliyojikunja kama vikabichi vidogo vichanga, na kwa ishara za mikono nadhani anasema yapo mengi porini, nami ningependa kuwapeleka watoto. Halafu kuna faili limeachwa mlangoni, lina majina ya nyumba, tarehe ya Jumapili moja ya Aprili na picha ya koleo. Na mwisho, ya moyoni: sukuma wiki itaota huku?

FundiSpana
Usivue. Theluji ya Aprili Misawa si ajabu, na hata isipoanguka, maji yaliyoyeyuka mchana yanaganda usiku juu ya madaraja na kwenye kivuli cha miti. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa hiyo tazama joto la asubuhi unapotoka nyumbani, la mchana halikusaidii. Kwa anayekaa tambarare, wiki ya pili au ya tatu ya Aprili inatosha. Mkipanga kupanda milima ya Hakkoda kuona kuta za theluji (barabara ya milimani hufunguliwa kama tarehe 1 Aprili, na mwanzoni hufungwa usiku), msubiri hadi mrudi.

Ila usikae nazo hadi Juni pia. Mpira wake ni laini, kwenye lami ya mvua gari linachelewa kusimama, na zinaisha haraka.

Kabla ya kuzihifadhi, pima kama zitafaa msimu ujao. Ndani ya mifereji kuna vibonge vilivyoinuka vyenye mikwaruzo juu, na ubavuni mwa tairi kuna mishale inayokuonyesha vilipo. Vikiwa usawa mmoja na uso wa tairi, mpira umeliwa nusu, na hiyo si tairi ya theluji tena hata kama kwa macho inapendeza. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za namba ya ubavuni: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Gari za mkononi za wanaohama kambini mara nyingi zinauzwa na tairi zilizokakamaa.

Ukibadilisha mwenyewe: legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Ukirudisha, kaza kwa mkono kwanza, nati zinazotazamana, si kwa kuzunguka duara, la sivyo rimu inakaa upande. Shusha gari ndipo ukaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ni Nm 103, lakini kitabu cha gari ndicho kinachosema. Kilomita 100 baadaye kaza tena. Hapo ndipo wengi wanaposahau, na nati zinalegea zenyewe. Karakana ya kujihudumia ya kambini ina vifaa vyote hivi, usinunue.

Zilizotoka zioshe chumvi, zikaushe, punguza upepo hadi nusu, zilaze moja juu ya nyingine mbali na jua. Na gari lenyewe lipulizie maji uvunguni. Chumvi ya barabarani inakula chuma taratibu, na utakuja kuijua siku ya ukaguzi wa miaka miwili.

NesiZamuUsiku
Kuhusu mtoto. Mwambie dada asitume chochote kwanza. Dawa nyingi za kuzibua pua za Marekani zina sudoefedrini, na Japani inakataza kuingiza dawa yenye zaidi ya asilimia 10 ya hiyo. Kupitia posta ya jeshi hakubadilishi sheria. Dawa za amfetamini za watoto wasiotulia ndizo mbaya zaidi, usithubutu.

Sasa chafya. Machi na Aprili huku ni chavua ya sugi, mwerezi wa Kijapani uliopandwa milimani kwa wingi baada ya vita kwa ajili ya mbao. Kwa kawaida mgeni hapati shida mwaka wa kwanza, mwili unahitaji misimu kadhaa ya kukutana na chavua ndipo uanze kuikataa. Lakini umesema mnatoka San Antonio. Mireteni ya milima ya Texas, ile inayowaliza watu Desemba na Januari, ni ya ukoo mmoja na sugi, na mwili uliokwisha kuikataa moja huikataa na nyingine. Mwambie daktari wa kambini hilo waziwazi. Dawa za mzio, setirizini na feksofenadini, zinauzwa maduka ya dawa ya Kijapani bila cheti, ila kipimo cha mtoto wa miaka 6 apange daktari.

Nyumbani: nguo zisianikwe nje siku kavu ya upepo, hasa adhuhuri na kuelekea jioni. Koti likung'utwe mlangoni, uso uoshwe akiingia, nywele zioshwe jioni kabla ya mto. Siku ya kwanza ya jua baada ya mvua ndiyo mbaya kuliko zote, watu wanafungua madirisha kwa furaha na ndipo inapoingia. Akipata homa au akikohoa usiku, huenda si chavua tu, mpeleke.

ShambaTowada
Machipukizi ya bibi ni fukinoto, vitumba vya maua vya mmea wa porini uitwao fuki. Bibi amekuheshimu, hayo ndiyo ya kwanza kabisa kutoka chini ya theluji. Ni machungu, watoto watatema. Chovya kwenye unga mwepesi wa tempura, kaanga upande ulio wazi ukitazama chini kwanza. Au chemsha dakika 2 au 3, loweka maji baridi saa kadhaa ukibadilisha maji, kamua, katakata, kaanga na miso (rojo ya soya), sukari na mirini (divai tamu ya mchele ya kupikia) hadi ikauke. Kijiko kidogo juu ya wali kinatosha. Usile bakuli zima, uchungu ule si wa bure.

Lakini kwenda porini na watoto peke yenu, hapana. Kuna mmea unaitwa hashiridokoro, chipukizi lake linafanana na fukinoto na ni sumu kali. Kuna torikabuto, nao wa sumu, ambao majani yake machanga yanachanganywa na mboga ya porini iitwayo nirinso kila masika. Na hata bustanini kwako: majani ya suisen, yale maua ya manjano na meupe, yanafanana na nira, mboga ya majani ya jamii ya kitunguu. Vunja jani unuse. Nira inanuka kitunguu saumu papo hapo, suisen hainuki. Kupika hakuondoi sumu ya suisen. Ikiwa mwenye nyumba wa zamani alipanda vyote viwili ubavu kwa ubavu, ng'oa kimoja.

Mwezi Mei bibi ataleta warabi, vikonyo vya kangaga vilivyopinda kichwa kama mkongojo. Hivi havikaangwi hivihivi, vina sumu inayotolewa kwa bikaboneti ya soda. Dukani inaitwa juso, na rafuni kuna mbili: ya kula na ya kusafishia masinki. Chukua ya kula. Chemsha maji lita 1, zima moto, tia kijiko kimoja cha chai, koroga, laza vikonyo gramu 300 hivi, weka sahani juu visielee, acha hadi asubuhi. Maji yatageuka kijani kibichi cha kutisha, ndivyo inavyotakiwa. Mwaga, suuza, loweka maji safi ukibadilisha mara mbili tatu. Aliyepika mlenda au kunde kwa magadi anajua kosa lilipo: ukizidisha, au ukiendelea kuchemsha, unapata uji. Magadi yetu yana ukali zaidi, usiyatumie kwa kipimo hiki.

Na dubu. Wanatoka usingizini wakati huuhuu na wanataka vilevile mnavyotaka nyinyi. Mei na Juni 2016, huko Kazuno, mkoa jirani wa Akita, watu 4 waliuawa walipokuwa wakichuma machipukizi ya mianzi. Mchumaji ameinama, hasikii, na kelele za majani zinamficha dubu kwake na yeye kwa dubu. Kengele kiunoni, si alfajiri wala jioni, na taka za chakula zisilale nje. Ndani ya sehemu za ulinzi maalumu za hifadhi ya Towada-Hachimantai, hata jani haliguswi.

Kobe_Mwendo_Pole
@FundiSpana mimi nasema mwisho wa Machi inatosha kama hutoki mjini, mabarabara makubwa yamekauka.

FundiSpana
Mabarabara makubwa, sawa. Amesema mashamba pande tatu.

JiraniWaTatu
Hilo faili linaitwa kairanban. Ni tangazo la umoja wa mtaa linalopita nyumba kwa nyumba. Tia sahihi penye jina lenu, lipeleke nyumba inayofuata leo au kesho. Likilala kwako wiki, mtaa mzima unajua limekwama wapi. Picha ya koleo ni siku ya kuzibua mitaro kabla maji ya mpunga hayajafunguliwa. Njoo na gambuti, glavu za mpira na koleo la mdomo bapa, ufike dakika 10 kabla ya saa iliyoandikwa, maana wao huanza kabla. Tope halibebwi nyumbani, linawekwa kwenye magunia yatakayotolewa. Mume akiwa zamu, nenda wewe. Mtaa mwingine asiyefika hulipa kiasi kidogo, muulize kiongozi. Kazi huchukua muda wa saa moja na nusu hadi mbili, na hapo ndipo mtajulikana majina.

Kurudisha fadhila ya bibi: kitu kidogo, upesi, kisichomfanya naye adaiwe tena. Mandazi sita kwenye karatasi yanatosha. Sigara na pombe za duka la kambini usimpe, bidhaa zisizotozwa ushuru zina masharti yake.

Mitaro hiyohiyo mingi haina vifuniko. Mwisho wa Aprili maji yakiingia, ukingo wa barabara na maji usiku ni rangi moja. Ukipishana na trekta simama, mwache apite yeye, usisogee kushoto kwa ukarimu. Gurudumu likiingia mtaroni usikanyage mafuta, gari linakaa kwa tumbo. Piga #8139, hao ni JAF, shirikisho la wenye magari la Japani, wanalivuta.

MamaNeema
Asanteni sana jamani. Tairi zinabaki. Dada nimemwambia. Kwa hiyo maua ya sakura pia ni Aprili mwishoni? Na mafuta ya taa, tuache kununua? Na sukuma bado sijajibiwa 😅

JiraniWaTatu
Hirosaki, kwa kawaida nusu ya pili ya Aprili, miaka mingine hadi siku za mwanzo za Mei, yaani karibu na likizo za taifa za tarehe 29 Aprili na 3 hadi 5 Mei. Miti kama 2,600 ndani ya bustani ya ngome, inapogolewa kwa ufundi wa matofaa na ndiyo maana inabeba maua mazito hivyo. Maegesho hujaa mapema asubuhi. Mkipitia barabara ya kulipia ingizeni kadi ya ETC. Ile sauti ya dada wa Kijapani iliyowachosha watu Dar na Nairobi kwenye gari za mtumba ilikuwa inasema hivyo tu, kadi haijaingizwa. Asiyetaka msongamano aende Kanchogai, Towada mjini, karibu na kwenu. Na soko la bandarini Hachinohe limeshaanza, ni Jumapili tu. Ikifika saa tatu asubuhi wanakunja.

Mafuta ya taa nunua dumu moja moja la lita 18, mtayahitaji asubuhi hadi Mei. Yakibaki yasingoje majira ya baridi mengine, yanaharibika na kuziba jiko. Kituo cha mafuta kinapokea ya zamani.

ShambaTowada
Sukuma itaota vizuri kuliko Texas. Maduka makubwa ya vifaa yanauza miche ya "keru" kuanzia mwisho wa Aprili, chukua ya majani bapa. Usiagizie mbegu nyumbani, bila cheti cha afya ya mimea zinazuiliwa. Udongo wa huku ni mweusi wa volkano, unapendeza macho lakini una tindikali, na kwenye tindikali mizizi ya jamii ya kabichi inavimba vinundu na mmea unanyauka mchana. Wiki 2 kabla, changanya chokaa ya magnesi gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba. Sentimita 45 kati ya mche na mche. Funika kwa chandarua cha tundu la milimita 1 siku hiyohiyo ya kupanda, kipepeo mweupe hangoji.

Nyanya na mahindi, subiri umande wa barafu uishe, wiki ya tatu ya Mei au baadaye. Hata hivyo Juni na Julai unakuja yamase, upepo baridi wa ukungu kutoka baharini, na mahindi yatasimama yalivyo kama yamekasirika. Sukuma ndiyo inaupenda.