Hatua sita za usaili wa mpimaji programu, ripoti ya hitilafu 19, kisha kimya

Wakuu, poleni na majukumu. Kwa takribani miezi mitatu nimepitishwa katika hatua sita za usaili wa nafasi ya mpimaji wa programu katika kampuni moja ya huduma za fedha kwa simu hapa Dar es Salaam, na nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea kunyamaza. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu wao wana wanasheria na mimi sina. Silalamikii kukosa kazi. Nimewahi kukosa kazi nyingine kabla ya hii na sikufungua uzi. Ninalalamikia kufanyishwa kazi ya kitaalamu bila malipo kwa jina la usaili.

Hatua ya kwanza ilikuwa simu ya dakika ishirini kutoka kwa dada wa rasilimali watu, mpole na mwenye adabu, ambaye aliniomba nitume nakala ya kitambulisho cha NIDA, vyeti vya chuo na hati za mshahara za miezi mitatu. Nilituma vyote siku hiyohiyo, na mpaka leo bado wanavyo.

Ya pili ilikuwa mtihani wa mtandaoni wenye maswali 60 kwa dakika 45. Wenye fani yao wanajua kwamba mtihani wa cheti cha msingi cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu, ambao nilishaufaulu, una maswali 40 kwa dakika 60, na yote yanahusu upimaji. Huu wa kwao ulikuwa na mifuatano ya namba, magari yanayopishana njiani na maumbo ya kuzungusha kichwani. Hakuna swali hata moja lililotaka kujua mpimaji anaanzia wapi anapokabidhiwa programu asiyoijua. Nilifaulu, tukaendelea.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ijumaa saa kumi na moja jioni nilipokea barua pepe yenye faili la kusakinisha programu yao yenyewe, toleo ambalo lilikuwa halijawafikia wateja, pamoja na akaunti mbili za majaribio zenye fedha za bandia. Nilitakiwa kuipima sehemu ya kutuma fedha na kuwasilisha, kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, orodha kamili ya kesi za majaribio (yaani kila hali ya kujaribiwa na matokeo yanayotarajiwa), ripoti ya kila hitilafu pamoja na hatua za kuirudia na picha za skrini, na mapendekezo ya marekebisho. Faili lilikuwa limepewa jina "Msailiwa 11 – Kutuma Fedha". Wakati ule jina hilo halikunishtua.

Jumamosi ile kulikuwa na kichen pati ya binamu yangu Tabata; sikwenda, na mama mkubwa bado ananinunia. Nilikaa chumbani na simu mbili, yangu na ya mdogo wangu ambayo ni ya zamani na ina kumbukumbu ndogo, kwa kuwa wateja wengi wa huduma hizi hawatumii simu za bei mbaya. Programu ilitangaza kuwa kiwango cha chini cha kutuma ni shilingi 1,000, hivyo nilijaribu 999, 1,000 na 1,001, nikajaribu sifuri na namba hasi, kisha nikafanya vivyo hivyo kwenye kikomo cha juu, maana hitilafu hupenda kukaa mipakani. Nilipofika kwenye jina la mpokeaji nikakuta kwamba kila jina lenye ng', kama Ng'wandu, linakataliwa, kwa sababu alama ya ritifaa imehesabiwa kuwa herufi haramu. Yaani programu iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya Watanzania inamkatalia Msukuma jina alilopewa na babu yake!

Hitilafu kubwa zaidi niliikuta usiku wa Jumamosi. Nilishusha kasi ya mtandao hadi 2G, hali ambayo wengi wetu tunaijua bila kuishusha, nikaandika shilingi 50,000 na kubonyeza "Tuma". Skrini ilitulia kwa sekunde tisa bila dalili yoyote. Nikafanya lile ambalo mteja yeyote angelifanya, nikabonyeza tena. Baada ya muda jumbe mbili ziliingia zikifuatana, na salio lilikuwa limepungua kwa shilingi 100,000. Nilirudia mara kumi, na mara saba fedha zilikatwa mara mbili. Nilipoyafuatilia mawasiliano kati ya programu na seva, niliona kwamba kila mbonyezo unazalisha namba mpya ya muamala, kwa hiyo seva haina namna ya kutambua kuwa maombi yale mawili ni nia moja ya mtu mmoja. Nikaandika kwamba namba ya muamala izalishwe mara moja tu, mteja anapofika kwenye ukurasa wa kuthibitisha, na itumike ileile katika kila jaribio linalofuata, kwamba kitufe kizimwe baada ya mbonyezo wa kwanza, na kwamba mteja aoneshwe maneno haya: "Ombi lako linashughulikiwa. Tafadhali subiri, usibonyeze tena." Naomba muyakumbuke maneno hayo.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi niliwasilisha kesi 74 na ripoti ya hitilafu 19, kurasa 23 kwa jumla. Bando lilikuwa langu.

Hatua ya nne ilikuwa jopo la watu wanne. Nilipanda mwendokasi kutoka Kimara hadi kituo cha Morocco, kisha bodaboda hadi Masaki, nikafika nusu saa kabla na kuketishwa nikisubiri kwa muda wa saa moja na robo. Swali la kwanza lilikuwa zuri: kuna tofauti gani kati ya ukali wa hitilafu na kipaumbele cha kuirekebisha? Nilijibu kwa mfano wa jina la kampuni lililokosewa herufi kwenye ukurasa wa kwanza, ambalo haliharibu muamala wowote lakini halipaswi kulala hadi kesho. Baada ya hapo, karibu muda wote uliobaki ulitumika kwenye hitilafu yangu ya makato mawili. Mmoja wao, ambaye baadaye nilifahamu kuwa ni mtengenezaji wa programu hiyohiyo, alikuwa anaandika kwenye daftari bila kuinua uso, na kila alipoinua alikuwa na swali la aina hii: "Dada, sasa ile miamala ambayo tayari imeandikwa mara mbili, ungetushauri tuitambueje?" Nami, kwa ujinga wangu, nilisimama ubaoni nikawachorea. Nilidhani wamevutiwa na uwezo wangu.

Hatua ya tano ilikuwa siku nzima ya vitendo ofisini, ambapo niliwaelekeza vijana wawili wa mafunzo kazini jinsi ya kuandika majaribio ya kiotomatiki kwa Selenium, zana ya kupimia programu za wavuti. Sikupewa hata nauli. Ya sita ilikuwa na mkurugenzi, aliyeniuliza kama nimeolewa na kama nina mtoto mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni ya kifungu hicho. Nilitabasamu tu nikajibu, kama ambavyo wengi wetu hufanya tukiwa na shida ya kazi. Akaniambia nitapigiwa ndani ya wiki moja.

Zimepita wiki saba. Nimeandika barua pepe nne, nimepiga simu mara tatu, na yule dada mpole hapokei tena. Wiki iliyopita programu yao iliyo kwenye simu yangu ilijisasisha. Kwa mazoea ya kazi nikaifungua nikaandika jina lenye ng', likakubaliwa. Nikashusha mtandao hadi 2G, nikajitumia shilingi 1,000 kwenye namba yangu ya pili, nikabonyeza "Tuma". Kitufe kikawa cha kijivu, na chini yake yakatokea maneno haya: "Ombi lako linashughulikiwa. Tafadhali subiri, usibonyeze tena." Neno kwa neno, hadi mkato wangu. Siku mbili baadaye tangazo la nafasi ileile likarudishwa mtandaoni.

Najua wapo watakaonijibu kwamba kazi ya kupelekwa nyumbani ni jambo la kawaida katika usaili wa fani hii. Ni kweli, na sijaikataa. Lakini anayetaka kumpima mpimaji humpa kitu ambacho majibu yake yanajulikana tayari. Sauce Labs, kampuni ya huduma za upimaji wa programu, kwa mfano, wana duka la mtandaoni la mazoezi liitwalo Sauce Demo, lenye akaunti maalumu ya "problem_user" ambayo imeharibiwa kwa makusudi; msailiwa akipewa saa mbili humo, msaili ataona nani kaona picha zisizolingana na bidhaa na nani kapita bila kuziona. Hapo anapimwa mtu. Mimi nilipewa bidhaa ambayo wenyewe hawakujua ina kasoro gani, wiki chache kabla ya kuitoa kwa wateja, kwa siku mbili na nusu za mapumziko yangu. Mshauri wa nje angewatoza kwa kazi hiyo, na wangemlipa.

Tena kuna lile jina la faili. Kama nia ilikuwa kutulinganisha, wasailiwa wote tungepewa sehemu moja ya programu, kwa sababu huwezi kumlinganisha aliyepima kutuma fedha na aliyepima kununua Luku. Mimi nilikuwa wa 11, na nilipewa "Kutuma Fedha". Nashuku kwamba wenzangu waligawiwa usajili, malipo ya bili, kutoa kwa wakala, mikopo, na kadhalika, hadi programu nzima ikakamilika kupimwa bila kuajiriwa mtu hata mmoja.

Jana nimewaandikia kwa mara ya tano, nikidai jibu la maandishi kuhusu usaili, malipo ya kazi ya hatua ya tatu, na uthibitisho kwamba nakala za NIDA na hati zangu za mshahara zimefutwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa haki ya kulifuatilia hilo hadi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ninachoomba kwenu ni kimoja. Kama kati ya mwezi wa pili na wa nne ulipokea Ijumaa jioni faili lenye jina la "Msailiwa" likifuatiwa na namba, tafadhali andika hapa chini namba yako na sehemu uliyopewa. Ninaanza: 11, Kutuma Fedha.