Naomba ushauri: plagi zote ziitwe vizibo, au kila tundu lipewe jina lake?

Mfasiri wa Dakawa

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya pampu ndogo ya umwagiliaji inayotumia petroli, nami nimekwama katika neno moja, plug, ambalo Waingereza wamelitumia kwa vitu vinne ndani ya kurasa chache. Kipo kifaa kinachotoa cheche juu ya injini. Kipo kile kinachoziba tundu la kumwagia oili chini ya injini. Katika pampu yenyewe vipo viwili, cha juu kwa ajili ya kujazia maji kabla ya kuwasha, na cha chini kwa ajili ya kuyatoa maji hayo pampu inapowekwa stoo. Rasimu yangu ya kwanza iliviita vyote plagi. Nilipowapa wakulima watatu wa mboga waijaribu, mmoja wao alisoma "fungua plagi, acha oili itoke yote", akachukua spana ya plagi, akafungua ile ya cheche, kisha akakaa akisubiri oili itokee juu. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu alifanya kile kile nilichoandika.

Mhariri wangu sasa anataka vyote viitwe vizibo, kwa hoja kwamba neno hilo ni letu na linaeleweka bila kamusi. Nililijaribu kwa wakulima wale wale, wakadhani ninazungumzia vizibo vya soda, vile vinavyochezewa drafti, huyu akivilaza chali na mwenzake akivifudikiza. Naomba ushauri wenu kabla sijarudisha kazi.

Fundi Pampu

Ndugu mleta mada, hiyo ya cheche usiiguse, iache plagi. Mkulima akienda dukani kununua kipuri ataomba plagi na atapewa plagi; akiomba "kizibo cha cheche" muuzaji atamtazama tu. Hata hivyo nakiri kwamba mhariri wako hakukosea kabisa, maana plagi nayo ni kizibo. Ifungue, kisha uvute kamba ya kuwashia: itakuja laini bila ubishi wowote, kwa kuwa hewa iliyopaswa kubanwa ndani ya silinda inatokea kwenye tundu uliloliacha wazi. Kazi yake ya kutoa cheche ndiyo tunayoiona, lakini kwanza inaziba.

Ile ya oili ni bolti, na mafundi wengi huiita bolti ya kumwagia oili. Ya kujazia maji ndiyo ninayokuomba uiandike kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu mtu akiwasha pampu ikiwa kavu, sili ya ndani, ile inayozuia maji yasivuje, hupata moto na kuungua, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya oili iliyochelewa kumwagwa.

Bi Msamiati

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ningependa kumtetea kidogo mhariri, ingawa mwishoni sitakubaliana naye. Kizibo kimeundwa kutokana na kitenzi ziba kwa utaratibu ule ule uliotupa kifuniko kutokana na funika. Ukikigeuza kitenzi hicho unapata zibua, na kutoka hapo kizibuo, yaani kifaa cha kufungulia chupa, ambacho siku hizi wengi hukiita opena. Kwa hiyo maana ya kizibo ni pana tangu mwanzo: chochote kinachoziba tundu, hata gunzi la hindi katika chupa ya mafuta ya taa, ambalo sisi wa umri fulani tunalikumbuka vizuri. Kizibo cha soda ni maana iliyozoeleka zaidi tu, haijazifuta nyingine. (Kizibao ni vazi, na hakihusiki hapa, nasema hivyo kwa sababu wanafunzi wangu hawakuacha kuvichanganya.)

Ubaya wa pendekezo la mhariri ni kwamba linabadilisha neno bila kuondoa utata. Ukiweka kizibo mahali pote palipokuwa na plagi, mkulima wako atafungua kizibo kisicho chenyewe badala ya plagi isiyo yenyewe. Tena jihadhari na koki, kwa sababu yupo atakayekushauri uitumie. Koki ya bomba hufungua na kufunga maji huku ikiwa mahali pake, haichomolewi kama kizibo.

Mwana wa Jahazi

Mabaharia tulilimaliza jambo hili zamani. Chini ya chombo, karibu na mkuku, kuna tundu linalozibuliwa chombo kikiwa kimepwelewa, ili maji ya ngama, yaani yaliyojikusanya ndani chini ya chombo, yatoke, kisha huzibwa kabla bahari haijajaa. Hatukuliita tundu tu, wala hatukuridhika na kusema kizibo. Tuliliita nguruzi, kwa sababu nahodha anapouliza kama nguruzi imezibwa hataki mtu amletee kizibo cha mtungi wa maji. Simwambii mfasiri aandike nguruzi kwenye pampu, ila ajue kwamba kukipa kizibo jina la mahali pake si jambo geni katika lugha hii.

Mkaazi wa Bukavu

Nawasalimu kutoka upande wa Kongo. Huku kwetu mafundi hawasemi plagi, husema buji, kutokana na neno la Kifaransa ambalo maana yake ya kwanza ni mshumaa. Mfaransa aliangalia moto, Mwingereza akaangalia tundu, nasi tumerithi kila mmoja kwa bwana wake. Ikiwa kijitabu kitavuka mpaka, tia mchoro, mama, au kaka, samahani sikufahamu.

Mfasiri wa Dakawa

Ni kaka, usijali. Nawashukuru nyote. Nimeamua kwamba plagi itabaki kwa cheche peke yake, ya oili itakuwa bolti ya kumwagia oili, na viwili vya pampu vitakuwa kizibo cha kujazia maji na kizibo cha kutolea maji, daima kwa majina kamili, hata pale sentensi inapokuwa ndefu. Mchoro utakuwepo. Sentensi iliyoniponza sasa inasomeka hivi: "Weka chombo chini ya injini, fungua bolti ya kumwagia oili, acha oili itoke yote."

Fundi Pampu

Ongeza "zima injini" mwanzoni.