Kusi limeingia, samaki hashikiki. Nyie mnapika kitoweo gani?

Bint_Ngambo
Asalaam alaykum jamani. Mie mtu wa mjini Unguja, ila nimeolewa huku Pemba na sasa nakaa pembeni ya Wete, shamba shamba. Tangu kusi lianze kuvuma samaki mbichi wamekua wa kubahatisha, madau mengi yamepandishwa juu, ukienda diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, unakuta mtungo mmoja wa tasi wadogo na watu wameshauzunguka wananadiana, na bei yake basi tena unarudi na kikapu kitupu. Na mume wangu nae kila asubuhi suali ni lile lile, "leo mchuzi wa samaki gani?"

Vitu vya shamba hapa vipo tele. Mshelisheli wa jirani umezaa mpaka yanaanguka yenyewe, muhogo upo, majimbi yapo, mbirimbi zinaoza chini, nazi mie sinunui. Ila shelisheli nalijua la futari tu, la nazi na sukari, siku mbili watoto wanaanza kununa. Na kulichagua pia sikujui, jingine linarojeka sufuriani jingine gumu limejaa utomvu. Nyie wenyeji miezi hii mpaka kusi litulie mnapika nini, na kitoweo mnakipata wapi? Nisaidieni mama zangu na dada zangu.

Mama_Kombo
Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza hayo ya kuanguka waachie kuku, shelisheli linaanguliwa halianguki. Litazame ganda, likiwa zile chonge zake bado zimesimama kali kali na kijani kimekoza basi hilo bado changa, utapata utomvu mtupu. Likikomaa ganda linalainika kwa kutazama, linapiga umanjano kwa mbali, na unaona utomvu mweupe umetoka wenyewe ukagandia juu. Ukilibonyeza liwe bado gumu. Likibonyea hilo limeshaiva, hilo ndio la sukari, ukilitia kwenye chumvi litarojeka tu hata uwe fundi gani. Na likishaanguliwa halikai, siku mbili tatu limeiva, kwahio kama unataka kulisubirisha litose zima kwenye ndoo ya maji.

Sasa la chumvi. Limenye, toa moyo, kata vipande vinene. Tia sufuriani na tui jepesi, chumvi, kitunguu, thomu (kitunguu saumu) ya kutwanga, bizari ya manjano ncha ya kijiko, na pilipili mbichi nzima usiipasue (watoto wasilie). Likishaiva unamimina kasimele, lile tui zito la mwanzo, na hapo usiondoke ukenda kuzungumza na jirani, punguza moto koroga pole pole mpaka lichemke mara moja, ukiliachia tui litakatika uone mafuta upande maji upande. Ndimu mwisho kabisa ukishaepua. Hilo na dagaa wa kukaanga mume hataulizia samaki changu.

Jingine lichome zima kwenye makaa, ligeuze geuze mpaka ganda liwe jeusi na kisu kiingie bila kusukuma, menya, kula na chai asubuhi. Mkate wa nini tena.

dau_la_babu
Dada mie mvuvi, ntakwambia ukweli ambao madalali wa diko hawakwambii. Nyie watu wa mjini mnataka nguru na jodari ndani ya kusi, wapi! Kusi sio kwamba bahari haina kitu, kitoweo kipo ila kinakuja kwa tarehe. Chukua kalenda ya Kiislamu ile ya ukutani ndio itakuongoza kuliko mtu yoyote.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanatoka mbali sana miamba inabaki wazi, basi kuanzia tarehe 1 mpaka 4 hivi na tena 14 mpaka 17 kina mama wanashuka na vijiti vyao na pweza anapatikana hata kama nje kuna mawimbi ya kutisha, maana hana haja ya dau huyo anafatwa kwa miguu. Baina ya hapo ni maji mafu, usijisumbue. Dagaa nao wana zao, wanavuliwa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye taa, kwahio tarehe za 20 na kitu mpaka za mwanzo mwanzo ndio wakati wa kununua wa kutosha ukaanika. Na upepo uruhusu lakini, usiku wa kusi kali hata sisi tunalala.

La pili kusi linapiga zaidi huko mashariki. Wewe upo Wete, upande wa magharibi kuna ghuba na mikoko imekingwa, vidau vidogo vinatoka, kuna vibua, kuna tasi, kuna kaa wa mikoko. Nenda diko maji yanapojaa wanaporudi watu, sio saa nne ukishamaliza kufagia 😂

somo_wa_Chake
Kaka pweza unamsema kirahisi, huyo siku hizi ana wanunuzi wake wanamsubiri hapo hapo pwani kabla hajakauka maji, anakwenda mahotelini, sie tunaambulia mikia. Na kuna sehemu mwamba wenyewe unafungwa miezi mitatu apate kukua, kama Kisiwa Panza huko kusini, ukifunguliwa ndio utamuona wa maana. Vizuri wanavyofanya simkatai mtu, ila mpishi ajue.

Ukimpata dada usimtie chumvi mwanzo atakua kama ndara. Mponde, mpake kipande cha papai bichi umuache kidogo, kisha mtie sufuriani bila maji maana anatoa yake mwenyewe, mfunike, yakikauka ndio uongeze. Akilainika ndio chumvi, tui na ndimu.

Ila kitoweo cha kusi hasa ni papa mkavu na ng'onda, samaki wa kupasuliwa akaanikwa. Wenye akili wananunua kaskazi bahari imetulia samaki wapo, wanatia chumvi wanaanika, sasa hivi wanachukua tu darini. Muhogo wa nazi kwa papa, tungule (nyanya) mbili ndani, umemaliza.

Mama_Kombo
Tungule kwenye muhogo wa papa?? Somo yangu hayo mmeyatoa wapi. Ukali wa muhogo ni ndimu au embe mbichi, basi. Tungule inalitia tui wekundu na inaua harufu ya papa.

somo_wa_Chake
Bi mkubwa kwetu tunatia na tunakula mpaka tunakomba sufuria 😅 tusigombane

Mpishi_wa_Makunduchi
Mie wa Unguja kusini naunga mkono upande wa ndimu, samahani somo. Ila niseme la muhogo maana naona linapitwa. Dada ukichimba muhogo usioujua mbegu yake, kata kipande kibichi ukionje kwa ncha ya ulimi, ukiwa mchungu tema na usiupike wa nazi, huo ni wa kumenya, kuloweka siku kadhaa, ndio kuanika ukawa makopa. Sumu ile. Hata ule mtamu mie nachemsha kwanza sufuria wazi bila mfuniko, maji yale namwaga, ndio natia tui. Na kisamvu vivyo hivyo, kitwange hasa kwenye kinu sio kukikatakata kwa kisu, kichemke muda mrefu ndio nazi ifate. Mwenye haraka na kisamvu apike mchicha.

Na hizo mbirimbi unaziacha zioze wakati huu?! Zipasue kati, tia chumvi, zianike juani siku kadhaa mpaka zinywee, weka kwenye chupa na pilipili. Achari hiyo ukiwa na wali mweupe na choroko za nazi samaki asipokuja asije. Mbichi pia unazitia kwenye mchuzi wa chukuchuku wa hivo vibua badala ya ndimu, maji, bizari, thomu, pilipili, mbirimbi nne tano, nazi usitie kabisa. Kwa kipupwe hiki mchuzi ule unatoa mafua yote.

Bint_Ngambo
Jamani Allah akulipeni kheri, nimesoma yote na mume nimemsomea, nae kaniambia kumbe hata mama yake alikua anatazama tarehe za mwezi kabla ya kumtuma diko. Ajabu hajawahi kunambia!! Leo nimeangua shelisheli lenye utomvu uliogandia juu, nalipika la chumvi. Suali la mwisho, papa mkavu nnae kipande nilichopewa na shemeji yangu, namlowekaje? Nilivyomnusa tu nimemfungia nje.

somo_wa_Chake
Hahaha mbakishe nje nje. Mkate vipande, mloweke usiku kucha, asubuhi maji mwaga, msugue yale magwagwa ya ngozi kwa kisu, mchemshe kidogo na maji hayo pia mwaga, kisha onja. Bado chumvi imezidi, rudia. Ndio umchambue utoe mifupa laini, umkaange kwa kitunguu na thomu kabla hujamtia kwenye muhogo, harufu yote inabadilika. Na chumvi usitie tena mpaka uonje mchuzi.

dau_la_babu
Na nusu usimloweke, muweke darini. Kusi bado lipo.

Mama_Kombo
Na tungule usitie mwanangu.