Mjadala: Magipai akilinda kiota juu ya njia ya baiskeli, nani ampishe mwenzake?

Mwanzisha mada (Queensland, Australia)

Wadau mlioko huku Australia, nanyi mlioko nyumbani, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limenifika shingoni.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyo basi la kwanza halijapita kwetu. Baiskeli ndiyo miguu yangu, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Sehemu kubwa ya mwaka njia yenyewe ni raha tupu. Inafuata kijito, juu kuna kivuli cha mikalitusi, gari hulioni. Halafu inaingia Agosti.

Kwa asiyemjua, magipai wa Australia ni ndege mweusi na mweupe, mrefu kuliko njiwa, mwenye mdomo mgumu wa ncha kali. Jina alipewa na Waingereza waliomfananisha na ndege wa kwao Ulaya, ingawa hawa wawili si ukoo mmoja. Anaimba ajabu, utadhani filimbi mbili zinapokezana kwenye koo moja. Mwaka 2017 Waaustralia walipopigia kura ndege wa mwaka, yeye ndiye aliyeshinda. Mimi pia nampenda, hilo nataka lieleweke mapema.

Lakini jike akishalalia mayai, karibu wiki tatu, na makinda wakikaa kiotani wiki nne nyingine, dume anashika lindo. Ukiingia ndani ya mita mia hivi kutoka kwenye mti wake, anakuja kwa nyuma. Mbawa huzisikii. Unachosikia ni mdomo ukigonga, tak, pembeni mwa sikio, na unapogutuka ameshapanda juu kujiandaa kwa mara ya pili.

Jumanne alinirudia mara nne. Mara ya tatu alinichana juu ya sikio. Nikageuka kumtazama, gurudumu la mbele likatoka kwenye lami, nikaanguka ubavu. Nilifika kazini damu ikinichuruzika shingoni, na bibi mmoja ambaye mimi ndiye humwogesha kila asubuhi akachukua kitambaa akanipangusa yeye.

Niliwapigia halmashauri. Wakanijibu kwamba ndege huyu analindwa na sheria (ni kweli, majimbo yote), kwamba watasimika kibao cha onyo, na kwamba nishuke niikokote baiskeli au nipite njia nyingine. Njia nyingine ni barabara ya malori isiyo na hata unyayo wa nafasi pembeni kwa mwenye baiskeli.

Basi msimamo wangu ni huu. Sitaki auawe. Ila kumwambia mtu "pita kwingine" na kukata simu ni kumbebesha mzigo wote yule asiye na gari. Waliochora njia ya baiskeli chini ya miti ile wanajua kila mwaka kutakuwa na wiki sita saba za namna hii. Waweke mchepuko ulio salama kwa wiki hizo. Na ndege anayelenga uso, wenye leseni wamhamishe. Nyinyi mnasemaje?

Mchangiaji (Melbourne)

Pole sana kaka. Ila naona unamlea huyo ndege.

Septemba 2019, pale Woonona karibu na Wollongong, mzee wa miaka 76 alikuwa kwenye baiskeli yake. Magipai akamjia, mzee akakwepa, akatoka njiani na kugonga nguzo ya uzio. Akafa kwa majeraha ya kichwa. Agosti 2021 huko huko kwenu Queensland, kwenye bustani ya Glindemann jijini Brisbane, mama alikuwa amembeba mwanawe wa miezi mitano. Akijaribu kumkwepa magipai akaanguka, na mtoto akafariki. Katikati hapo, mwaka 2020, mwanamume mmoja wa mji wa Sale, hapa Victoria, alidonolewa macho yote mawili nje ya maduka, akafanyiwa upasuaji.

Mimi nina binti wa miaka saba anayekwenda shule kwa baiskeli. Nimwambie nini? Mbwa akiuma watu wawili watatu mtaani hatuitishi kikao. Mwaka huo huo wa 2019 halmashauri ya The Hills, Sydney, iliamua ikampiga risasi mmoja aliyekuwa amewahangaisha waendesha baiskeli wa barabara ya Windsor kwa miaka, na watu wakapiga kelele nchi nzima. Sikuelewa kelele zile na bado sizielewi. Mtu kwanza.

Mchangiaji (Toowoomba)

Wanangu, mimi ni mama yenu, nimekuja huku kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na watoto watano, na jambo la kwanza lililonipokea nyuma ya nyumba tuliyopewa ni hawa ndege. Asubuhi nikianika nguo, wanatembea miguuni pangu wakichimbua mabuu kwenye majani. Mkate siwapi, maji tu kwenye beseni. Huu ni mwaka wa tisa. Msimu wa mayai wanapita juu ya kichwa changu kama sipo.

Magipai anajua sura ya mtu. Hajui sura chache tu, anazijua za mtaa mzima, na hahami hami. Anakaa eneo lake miaka na miaka, kwa hiyo uliyemkosea mwaka juzi ndiye utakayekutana naye leo. Hapa kwetu kulikuwa na vijana waliorushia mawe kiota wakitoka shule. Mwaka uliofuata mtoto yeyote mwenye sare ile hapiti. Wanangu mwenyewe wakawa wanazunguka, na jiwe hawakurusha wao.

Na wanaovamia ni wachache. Majike karibu hawamo, na madume ni kama mmoja kati ya kumi. Wengine hawana shida na mtu anayetembea, shida yao ni baiskeli tu. Wengine ni mpeleka barua tu. Baba wa binti wa Melbourne, unaposema waondolewe, unawasema hao tisa pia? Maana mwenye bunduki hajui kuwatofautisha.

Mwanangu wa Queensland, nikuulize kwa upole. Umewahi kumfanya kitu?

Mchangiaji (Sydney)

Shikamoo mama. Mimi napeleka chakula kwa baiskeli, nalipwa kwa oda. "Shuka ukokote" ni ushauri wa mtu anayeendesha Jumapili na wenzake. Mimi nikishuka mara sita kwa jioni, chakula kinafika kimepoa, mteja ananipa nyota mbili, na simu inaacha kuniita.

Niliyoyajaribu ni haya. Vile vibana vya plastiki vya kufungia nyaya, nimevisimamisha juu ya helmeti kama miiba ya nungunungu. Bado anakuja, ila sasa mdomo unaishia kwenye plastiki kabla ya kufika kwenye sikio, na hilo kwangu linatosha. Macho ya kuchora nyuma ya helmeti yalinisaidia kwa mmoja pale Parramatta, kwa mwingine hayakusaidia kitu. Miwani usiivue hata kama jua linatua. Helmeti sheria inatudai hata hivyo, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia ivue ili ndege akutambue. Na mikono isirushwe hewani, wala usiongeze mwendo, kwa sababu akiona unakimbia ndiyo anazidi.

Ila nikubali jambo moja kwa haki. Jioni ile niliyopata pancha karibu na mti wa ndege mmoja, nikashuka nikaikokota, hakunigusa. Alikaa kwenye waya ananitazama. Dakika tano kabla yake alikuwa juu ya kichwa changu.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu zetu, mbona mnahangaika? Huku kwetu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja, na hakuna aliyewalilia. Kunguru anakula vifaranga, anachafua hoteli, anafukuza ndege wengine wote. Ndege akishakuwa kero, ni kero.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, nimechelewa kwa sababu ya zamu mbili mfululizo.

Nianze na ndugu wa Mombasa. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akavuka hadi bara, na kila alipotua alikula mayai na makinda ya wenyeji wake. Kumpunguza ni kuwarudishia chiriku na wengine nafasi yao. Magipai yuko kwao. Mimi ndiye niliyekuja, na njia ya baiskeli imekuja, na nyumba zimekuja. Tena anafaidika na majani yetu ya kukatwa kwa sababu ndimo anamopata mabuu, na ndiyo maana amejaa mijini kati ya watu badala ya kukaa porini. Sheria zetu wenyewe za nyumbani zingemtazama huyu tofauti na kunguru.

Kaka wa Melbourne, yale matatu uliyoyataja sina la kuyapunguza. Mtoto wa miezi mitano. Nimekaa na hilo tangu nilipolisoma. Lakini ndege wa Glindemann aliondolewa baada ya msiba, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: kwa nini baada? Kuhamisha kunawezekana, na Queensland wana watu wenye leseni ya kazi hiyo. Profesa Darryl Jones wa Chuo Kikuu cha Griffith alilichunguza jambo hili miaka mingi hapa Brisbane. Yeye na wenzake walikuwa wakimwondoa dume mkali wakihofia makinda watakufa. Kilichotokea ni kwamba dume mwingine alifika mapema, akawachukua makinda ambao si wake akawalisha, na huyo mpya hakuwa akivamia watu. Ni lazima apelekwe mbali, vinginevyo anarudi. Sasa kama njia hiyo ipo, risasi ni ya nini? Kumuua yule wa The Hills si kumaliza tatizo la barabara ile, kwa sababu mti upo na njia ipo, na eneo zuri la magipai halikai wazi.

Binti yako mnunulie miwani. Na kama shule iko karibu, mwende naye mkitembea wiki hizi. Najua si jibu kamili.

Mama wa Toowoomba, swali lako sikulala nalo vizuri. Ndiyo. Mwaka jana, Septemba, nilimrushia chupa ya maji. Haikumpata. Nilikuwa nimechelewa, ameshanigonga mara mbili, nikasimama nikaiokota kwenye kishikio chake nikarusha kwa nguvu zangu zote juu ya mti ule ule. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna uhusiano na mwaka huu. Katika mazungumzo yangu yote na halmashauri sikulitaja, na hapa juu pia sikulitaja, na sasa naona nilipaswa.

Kwa hiyo ile sentensi ya "wenye leseni wamhamishe" naibadilisha. Kwa anayelenga uso wa watoto na wapita njia wote, ndiyo, na mapema, isingojewe damu. Kwa huyu wangu, sina hakika kwamba nina haki ya kuomba ang'olewe kwake kwa ugomvi niliouongezea kuni mwenyewe.

La mchepuko silibadilishi hata kidogo, na nawaandikia halmashauri barua ya kuuomba. Jumamosi nimekwenda kwa miguu kupima. Kati ya mti wake na uwanja wa mpira kuna ukanda wa majani wa halmashauri wenyewe, unapita kama hatua mia mbili kutoka kwenye kiota na kurudi kwenye njia baada ya daraja la mbao. Hakuna mti wa kukata. Kinachohitajika ni mikeka ya plastiki ya kuwekea juu ya majani, ile wanayoweka kwenye matamasha, na vibao viwili vyenye mshale. Novemba wanavikunja. Mwaka kesho wanavitoa stoo. Kibao kilichopo sasa kina picha ya ndege na neno tahadhari, kimewekwa mahali ambapo tayari uko ndani ya mita zake mia.

Mchangiaji (Sydney)

Hilo la kibao ni kweli tupu. Hapa kwetu nako kimefungwa kwenye mti wenye kiota.

Mchangiaji (Melbourne)

Mimi bado naona mtu kwanza. Lakini mchepuko nautia sahihi. Weka hiyo barua hapa tuisome.

Mchangiaji (Toowoomba)

Asante kwa kusema kweli, mwanangu. Sasa nenda polepole naye. Ukifika mbali kidogo na mti, shuka. Mtazame, usimpe kisogo. Usiseme naye kwa hasira. Siku nyingi zitapita hivyo kabla hajakusahau, labda hata mwaka huu hautatosha.

Mwanzisha mada

Ushauri nimeupokea, mama. Kesho natoka nyumbani dakika kumi mapema. Nitashuka kwenye daraja la mbao, nitembee uso ukimwelekea hadi nivuke mti wa mwisho.

Barua nitaiweka hapa Alhamisi nikiwa mapumzikoni. Wenye picha za vibao vilivyowekwa chini ya viota nitumieni. Nahitaji hasa za mahali ambapo njia ya baiskeli ndiyo pekee ya kwenda kazini, na mwandike mnapita saa ngapi, kwa sababu halmashauri wanaamini wote tuko pale kwa mazoezi.