MREJESHO: Maana ya jina Aigul

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza maana ya jina Aigul, kwa kuwa wifi yangu, mke wa kaka, ni Mkirgizi (mtu wa Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati) na binti yao kapewa jina hilo, sasa mama akataka kujua mjukuu wake anaitwa nani hasa. Ahsanteni sana mlionielekeza.

"Ai" ni mwezi (ule wa angani) kwa lugha za jamii ya Kituruki, Kikirgizi kikiwemo, na "gul" ni ua, hasa waridi, kutoka Kiajemi. Waturuki na Waazabajani huandika Aygül, Watatari Aygöl. Ni "gul" ile ile ya kina Gulbanu na Gulshan, majina ya Wahindi wetu wa pwani.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kuna ua lenyewe liitwalo aigul, mkoani Batken, kusini-magharibi mwa Kirgizia. Huchanua Aprili kwenye mlima Aigul-Tash. Wifi alinitumia picha: shina moja refu, juu yake kengele za rangi ya chungwa iliyokolea zimeinama zote. Zuri mno! Mama kaiweka kwenye simu yake.

Mkazo uko mwishoni, ai-GÚL. Mama bado anajifunza.