Bosi wangu anataka kunioa. Mshahara anaodaiwa nidai kwanza au niache?

Binti wa Ikungi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Anayetaka kucheka acheke, lakini akimaliza anishauri.

Nina miaka 29. Nilikuja Dar mwaka 2018 kutoka Ikungi, Singida, kufanya kazi za ndani huku Kimara. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miezi mitatu. Mama wa nyumba alikuwa mkali ila hakuwa na roho mbaya, yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko la gesi bila kuruka. Alifariki Juni 2023. Tangu hapo tumebaki mimi, baba wa nyumba na watoto wawili.

Mwezi wa tatu mwaka huu, usiku, nachambua mchele jikoni, baba akaja akavuta kigoda akakaa. Hajawahi kukaa jikoni. Akaanza kunisaidia, anatoa mchele anaacha mawe. Halafu akasema, "Nimefikiri sana. Nataka nikuoe, tena kanisani, tutangazwe." Nikamwambia mchele umeshaisha. Ulikuwa bado nusu sinia.

Hajanigusa hata siku moja, naliweka wazi maana najua mtauliza. Na mimi moyoni sisemi hapana. Ila miaka yote hii namwita "baba" kama watoto wanavyomwita, na yeye ananiita "dada". Sasa nimwite nani? Binti yake mkubwa yuko kidato cha pili, tangu alipohisi jambo ananisalimia akiangalia simu. Dada yake baba huja kila mwisho wa mwezi, na bado ni "dada, lete maji", "dada, hii nyama ina chumvi".

Kinachoninyima usingizi hasa ni hela. Kuanzia Januari 2020 nilikuwa namwachia marehemu mama elfu 30 kila mwezi anitunzie, anaandika kwenye daftari. Hadi Mei 2023 ni miezi 41. Nilitoa laki mbili baba yangu mzazi alipoumwa. Imebaki milioni moja na elfu 30. Sijawahi kumwambia baba, nilimwonea huruma, alikuwa msibani. Halafu tangu ile siku ya mchele hajanilipa mshahara. Ni laki na ishirini kwa mwezi, sasa ni miezi minne. Anasema "chukua kwenye hela ya matumizi unachohitaji, vyote si vyako?"

Nikidai ataona nimefuata pesa. Nisipodai, basi nitaingia kwenye ndoa nikiwa namdai mume. Nifanyeje?

Kaka Mbishi

Jamaa kapiga hesabu: dada laki na ishirini kwa mwezi, mke bure. Shtuka.

Mama Wawili

Kaka Mbishi, utani wako una ukweli ndani yake, ila umemwaga kama maji ya kuoshea vyombo.

Mdogo wangu, mimi niliolewa na niliyekuwa namfanyia kazi. Nasema "niliolewa" kwa mazoea tu. Alinihamisha kutoka chumba cha karibu na stoo hadi chumbani kwake, basi, ndiyo ikawa harusi. Kwetu Njombe hakufika mtu. Miaka minane. Wageni wakija ananitambulisha kwa jina langu tu, bila kusema mimi ni nani, nao wanapeana macho. Wifi zangu hawakuwahi kunitukana, wala sitawasingizia. Walikuwa wananishukuru. "Ahsante, umempikia vizuri." Mke wa mtu anashukuriwa kwa kumpikia mumewe kama wa mgahawani?

Nikupe swali moja, ujibu ukiwa peke yako. Ukimwambia hapana leo, kesho usiku unalala wapi? Kama jibu ni stendi, basi hata ndiyo yako bado haijawa ndiyo. Ondoka kwanza. Nenda kwenu ukae, akufuate huko avute vumbi la Singida, akae kwenye mkeka wa baba yako, aulizwe maswali. Na huyo dada yake aje naye, aletewe maji na wewe ukiwa mwenye nyumba.

Kuhusu jina: mwaka wa kwanza mzima nilimwita "wewe". "Wewe, chakula tayari." Litakuja lenyewe, usilisumbukie.

Yule binti wa kidato cha pili ndiye wa kumsumbukia. Wangu alikuwa na miaka 12, na hadi leo hatujamaliza.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu, wewe Mkristo na mimi Muislamu wa Unguja, lakini jambo lako sisi tunalo la zamani sana.

Enzi za utumwa, bwana aliyemtaka kijakazi wake alikuwa na njia mbili. Amfanye suria, yaani alale naye bila ndoa, au amwache huru kwanza kisha amwoe. Suria hana mahari. Akimzalia bwana, hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru, na watoto wake ni halali, wanarithi sawa na wa mke. Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alipofariki mwaka 1856 watoto aliowaacha walikuwa wa masuria, na wanne kati yao walitawala Unguja: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Tazama basi: mtoto anapanda hadi kwenye kiti cha usultani na mama yake hakuwahi kuwa mke. Kulala kitanda kimoja hakukumfanya mke, wala kuzaa hakukumfanya. Kuwa mke kulitaka uhuru utangulie, na mahari yaingie mkononi mwake mwenyewe.

Wewe si kijakazi, Mungu apishe mbali. Lakini mtu akikushikia mshahara wa miezi minne huku anakuposa, amechanganya njia mbili ambazo hata mabwana wa zamani walizitenganisha. Akulipe. Kazi iishe. Halafu ndiyo aje na posa.

Wazee wenu watasema habari za kufu, kwamba hamlingani. Kwetu hilo limevunja posa nyingi, na mara nyingi waliolipigia kelele ni wale ambao bibi zao wenyewe hawataki kuulizwa walitoka wapi.

Msaidizi wa Sheria Mtaani

Naingia kwa ufupi maana wenzangu wamesema makubwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58: kuolewa hakubadilishi umiliki wa mali. Chako kabla ya ndoa ni chako baada ya ndoa. Kwa hiyo deni halifi kanisani, ingawa nakubali kwamba kumdai mume ni kazi kuliko kumdai bosi. Daftari lilipo, litafute leo.

Mahari ya kwenu isipokamilika haibatilishi ndoa, kifungu cha 41, kwa hiyo wajomba wasikutishe na ng'ombe. Kifungu cha 160, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, sheria inadhania wameoana. Wengi wanakisoma hicho kama ndoa ya bure. Siyo. Ni dhana tu, inapingika mahakamani, na Mama Wawili hapo juu ameeleza vizuri maisha yake yanavyokuwa.

Kaka Mbishi, kuhusu "mke bure": mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo wa mali hiyo, kwa sababu nyingine.) Lakini angalia mzaha wa maisha: sahani zilezile, ukiwa dada zinalipwa tarehe 30, ukiwa mke zinahesabiwa siku mnaachana.

Binti wa Ikungi

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, nilikuwa nasoma kila jibu usiku. Mama Wawili, lile swali lako nilijibu, na jibu lilikuwa stendi.

Daftari nililikuta ndani ya pochi ya marehemu, chini ya khanga zake. Mwandiko wake uleule wa kuegemea kulia. Kila mwezi kaandika "dada 30", na ukurasa wa mwisho, akiwa tayari anaumwa, kaandika jina langu kamili na neno "tusimsahau". Nililia kabla hata ya kumwonyesha mtu.

Nilimwekea baba mezani baada ya chakula. Akajumlisha kwa simu, mara mbili. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?" Nikamwambia, "Nilikuwa nasubiri uniulize." Akanyamaza muda mrefu, mpaka taarifa ya habari ikaisha. Kesho yake asubuhi akatuma yote, milioni moja laki tano na elfu kumi. Nikamwambia kazi nimeacha, mwisho wa mwezi naenda kwetu. Akasema sawa, nitakuja. Sikumwita chochote.

Yule mkubwa alikuja kunisaidia kukunja nguo usiku wa mwisho. Akauliza, "Ukirudi utalala chumba cha mama?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Zile khanga usizivae." Nikamwambia sitazivaa, ni zake yeye. Akaendelea kukunja.

Nilipanda basi la alfajiri pale stendi ya Magufuli. Sasa niko nyumbani, nimekula mlenda siku nne mfululizo. Baba yangu amemtumia ujumbe aje na wazee wawili, Jumamosi ya wiki ijayo. Mtoto mdogo anapiga kila jioni kuniuliza sare yake iko wapi, na anajua ilipo.

Jana alipiga shangazi yao, ndiye anayelala pale kwa sasa. "Dada, ufunguo wa stoo uko wapi?" Nikamwambia, juu ya friji, ndani ya kikombe chenye ufa. Akakata. Baada ya dakika tano akapiga tena. Mara hii alianza kwa kunitaja jina, akanisalimia, akauliza hali ya wazazi. Halafu akauliza mchele tunanunua wapi, maana huu wa dukani una mawe.