Mkaa wa kijijini na gesi inayoletwa na meli: endelevu ni ipi?

Kaka Miombo: Wadau, tusaidiane. Tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikatazwe kuni na mkaa, Januari 2024, kila hotuba ina neno "endelevu". Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Lakini gesi ya mtungi inatoka ardhini, ikiisha imeisha. Mti wa miombo ukikatwa vizuri, kisiki kinachipua. Kuna vijiji vya Kilosa, Morogoro, vilivyogawa msitu wao vitalu vya kuvuna mkaa. Kilichovunwa kinaachwa miaka 24. Kwa nini mkaa huo nao uitwe uharibifu?

Dada wa Mbagala: Vitalu sivijui, najua kifua cha mama yangu. Amechoma chapati kwenye jiko la mkaa tangu sijazaliwa. Na wachoma mkaa tusiwatetee sana, ni watu waliokimbia jembe wanataka hela ya haraka.

Mtoto wa Tanuru: Hela ya haraka? Dada, umewahi kupanga tanuru? Baba yangu alikata magogo, akayapanga, akafunika majani, kisha udongo. Likishawashwa halali mtu. Udongo ukitoboka hewa ikaingia, asubuhi unakuta majivu, jasho lote limepotea. Nimesoma sekondari kwa magunia hayo. Na shamba alikuwa nalo, mvua zilipogoma ndipo tukala mkaa.

Dada wa Mbagala: Sikumtaja baba yako.

Mtoto wa Tanuru: Umemtaja bila jina.

Msomaji wa Zamani: Jamani, mada! Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mama Brundtland mwaka 1987 ilisema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima uwezo huo vizazi vijavyo. Tatizo ni mahitaji ya nani. Norway, kwao mama Brundtland, inauza mafuta na gesi hadi leo, halafu mchoma mkaa wa Handeni ndiye anayeambiwa afikirie wajukuu. Ila gesi si tunayo yetu Mtwara?

Kaka Miombo: Hiyo ya Mtwara na kisiwa cha Songo Songo ni methani, siyo ile inayojazwa kwenye mitungi, na sehemu kubwa inafua umeme. Ya mtungi inaletwa na meli.

Mtoto wa Tanuru: Mimi bado nasubiri neno "hela ya haraka" lifutwe.

Dada wa Mbagala: Nalifuta. Nilikuwa na hasira za hospitali. Mama sasa ana mtungi wa kilo 6, lakini ukiisha inabidi atoe hela yote kwa mkupuo, wakati mkaa anapimiwa kopo kwa alichonacho. Na maharage hayabandiki kwenye gesi kabisa, anasema yanamaliza mtungi.

Mtoto wa Tanuru: Ayaloweke usiku kucha. Na jiko alitoe nje, asipikie chumbani. Baba naye alikohoa miaka yake ya mwisho, hilo la moshi sikubishii hata kidogo.

Dada wa Mbagala: Pole sana, kaka.

Kaka Miombo: Poleni nyote. Turudi Kilosa basi. Mkaa wa vitalu unalipa ushuru wa kijiji, wa wizi haulipi kitu. Sokoni vinashindanaje?

Msomaji wa Zamani: Kwanza huyo mama apate wapi gesi ya kupimiwa kama mkaa?